Kazi naijua, nianze na cheti kipi?

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Morogoro, nina mke na watoto wawili. Kazi nimefundishwa na mjomba wangu. Nilianza kama saidia fundi, kuchimba kuta na kulaza paipu, na leo napiga wayaringi ya nyumba nzima peke yangu. Karatasi niliyonayo ni moja tu, ya kozi fupi.

Ninapokwama ni kwenye kukabidhi kazi. Mteja akitaka kuunganishiwa umeme na TANESCO, wayaringi lazima ithibitishwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Basi namtafuta mwenye leseni. Anakuja na mita yake, anapima waya na athi, anagonga muhuri, na malipo yangu yanapungua hapo hapo. Simlaumu, maana nyumba ikiungua ataulizwa yeye. Ila ninataka siku moja muhuri uwe wangu.

Kwenye ajira ndiyo usiseme. Matangazo yanataka kidato cha nne pamoja na Trade Test Grade I, yaani cheti cha ufundi cha mfumo wa zamani, au NVA Level 3, cheti cha ufundi stadi cha sasa. Na hapo watu wengi wanachanganyikiwa, hata maofisini. Katika Trade Test ya zamani, Grade III ndiyo ya kuanzia na Grade I ndiyo ya juu kabisa. NVA, mfumo wa sasa wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, unakwenda kinyume: unaanza Level 1, unapanda hadi 3. Mjomba ana Grade I yake. Mwaka jana alipeleka maombi kwenye kampuni moja, kijana aliyepokea bahasha akaisoma kama Level 1 na kumweka kwenye kundi la wanaoanza. Mzee hakubishana, alichukua vyeti vyake akarudi nyumbani. Iliniuma sana, kwa sababu fundi kama yule mjini hapa ni wa kuhesabu.

Sasa nina njia mbili. Ya kwanza ni urasimishaji wa ujuzi: unapimwa kwa kazi unayoifanya, ukionekana una pengo unapewa mafunzo ya kujazia, kisha unapewa cheti. Mjomba anataka niende huko, anasema wateja ukiwaacha hawarudi. Ya pili ni kuingia chuo cha VETA na kusoma Level 1, 2 na 3 kwa utaratibu. Mke wangu anaitaka hii, na yuko tayari kubeba nyumba kwa biashara yake ya vitenge. Moyo wangu unavutwa na chuo pia. Nyumba naziweza, lakini ukiniweka mbele ya mota ya fezi tatu na paneli yake, nitahitaji mtu pembeni.

Tena sitaki kuishia kwenye leseni. Nataka nifike stashahada, NTA Level 6, niitwe fundi sanifu. Kidato cha nne nilimaliza, ila ufaulu wangu hautoshi kuniingiza huko moja kwa moja, hivyo ngazi yangu ya kupandia ni NVA.

Naomba unishauri. Cheti cha urasimishaji kitanifikisha hadi kwenye leseni na stashahada, au kuna mahali kitakwama? Na je, ninaweza kurasimisha kwanza ili nipate kula, halafu nikajiunga na chuo kwa Level ya juu bila kurudishwa kuanza na wanaojifunza kushika bisibisi?

Fundi umeme,
Morogoro