Wapimaji miti Amani, alama ya rangi isisahaulike

Mhariri,

Wanaopima miti kwenye msitu wa Amani, Muheza, wanajua unene wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini; mtelemkoni, simama upande wa juu. Mti wenye mbawa za mizizi (mizizi iliyotanuka kama kuta chini ya shina) hupimwa juu ya mbawa, na utepe upite chini ya mitambazi, ugusane na gome.

Kinachosahaulika ni rangi ya kutia alama kwenye shina pale utepe ulipopita. Bila alama, atakayerudi baada ya miaka 5 atapima chini kidogo, penye unene, aandike kuwa mti umekua. Kipenyo kikizidi kwa asilimia 10 tu, modeli, yaani hesabu ya kukadiria uzito wa mti kutokana na kipenyo, itazidisha uzito huo kwa zaidi ya asilimia 20, na kompyuta haitagundua. Tafadhali, kopo la rangi lisiachwe kambini.

Msomaji wenu,
Tanga