Kuhifadhi Kurani na mashairi sio sawa na kukariri mtihani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Siku hizi kila tukiongelea elimu utasikia watoto wetu wanakaririshwa tu hawaelewi kitu, na sasa lawama zimefika mpaka madrasa na sandeskuli, mzazi anauliza mtoto wa miaka sita kuhifadhi Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Kurani yenye sura fupi, kwa Kiarabu asichokijua kutamsaidia nini. Ni swali la haki kabisa ila naona tunachanganya mambo. Mwanafunzi akikariri majibu ya bailojia bila kuelewa ni hasara kweli, mtihani ukiisha na yenyewe yameisha. Sura hazipo kwa ajili ya mtihani, mtoto anaanza na zile fupi za mwishoni kwa sababu ndizo atasali nazo maisha yake yote na maana anakua nayo. Hata aliyeshika Zaburi ya 23 utotoni ataielewa vizuri siku akifiwa, na siku hiyo nani ana nguvu ya kutafuta kitabu?

Kwenye mashairi ndo naumia zaidi maana huko tumeacha kabisa. Mtoto aliyeshika tarbia mbili tatu, yaani mashairi ya mishororo minne kila ubeti, kwa moyo huna haja ya kumwambia kila kipande cha mshororo kina mizani 8, yaani silabi 8, sikio lake lenyewe linaukataa mshororo uliopungua. Wa kwetu anahesabu mizani kwa vidole, na ukimwambia simama utughanie ubeti mmoja hana! Na tusisahau mshairi Muyaka wa Mombasa, kafariki karibu na 1840, mashairi yake mengi yalibaki vichwani mwa watu wa mji mpaka Mwalimu Sikujua akayakusanya pamoja na mmisionari W. E. Taylor, diwani ikaja kuchapwa 1940. Watu wasingeyashika leo tungesoma nini?

Kinachoharibu ni fimbo na haraka. Darasa zima linapayuka kwa pamoja, mwalimu hamsikilizi mmoja mmoja, anayekosea anachapwa, huyo lazima ataichukia madrasa. Ustadhi mzuri anamrekebisha mtoto herufi kwa herufi, anamrudisha kwenye ya jana kabla ya kumpa mpya, na anamsimulia kisa cha sura yenyewe. Walimu wa Kiswahili nao wachague shairi moja kila mwezi darasa lilishike na kulighani, dakika 10 za kipindi zinatosha na wala haihitaji bajeti.

Mzazi,
Tanga