Daraja X la mwako wa Jua lielezwe vizuri

Mhariri,

Kila Jua linapofoka, magazeti huandika "mlipuko wa daraja la X" na kuishia hapo, msomaji akabaki na hofu ya kuungua. Naomba herufi hiyo ielezwe. A, B, C, M na X hupima eksirei laini, yaani zenye nishati ndogo, zinazonaswa na setilaiti za GOES za Marekani. Kila herufi ni mara 10 ya iliyotangulia, na X1 ni wati 0.0001 tu kwa mita ya mraba. Eksirei hizo zote humezwa na angahewa kabla ya kutufikia, ndiyo maana kifaa cha kuzipima hupelekwa angani.

Lakini herufi haisemi mwako ulisukuma elektroni kwa nguvu gani, wala wapi. Hiyo ilikuwa kazi ya RHESSI, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza Jua, iliyorushwa Februari 5, 2002 ikatumika hadi 2018. Eksirei kali, zenye nishati kubwa, zinazotolewa na elektroni hizo hazikusanyiki kwa lenzi kirahisi, hivyo ilibeba jozi 9 za nyavu za metali, wavu mmoja mita 1.55 mbele ya mwenzake. Setilaiti nzima ilizunguka kama pia, mara 15 hivi kwa dakika. Nyavu zikipishana, miale hukatika na kurudi, na kwa mapigo hayo kompyuta huunda picha.

Nyuma ya kila jozi palikuwa na fuwele ya jermaniamu ya kunasa eksirei, iliyopozwa hadi karibu nyuzi 200 chini ya sifuri. Protoni za angani ziliichakaza, vipimo vya nishati vikapwaya. Dawa ilikuwa kuipasha zaidi ya nyuzi 90 kwa siku kadhaa, kisha kuipoza upya.

Wachambuzi wageni hunaswa hapa: fotoni (chembe za mwanga) mbili za kiloelektronivolti 10, kipimo cha nishati, zikiingia kwa pamoja, kifaa huhesabu moja ya 20, na mwako ukapewa nguvu usiyokuwa nayo. Kupunguza msongamano huo, visahani vya alumini vilisogezwa mbele ya fuwele. Asiyeangalia kwanza ni saa ngapi kisahani kiliingia ataona grafu imeshuka ghafla, adhani Jua limetulia.

Kwa hiyo, chapisheni daraja pamoja na saa ya kilele, mkiongeza saa 3 juu ya UTC, saa ya kimataifa. Mwako wa 21:00 UTC hutukuta saa sita usiku. Redio za masafa mafupi huzimwa na eksirei upande wenye mchana, si huku kwenye giza.

Msomaji wenu,
Dodoma