Kabla halmashauri haijanunua vishikwambi, isome mkataba

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nimeandika ndefu ila naomba msiikate sana maana hapa tunazungumzia hela ya umma na watoto wetu. Kuna msomaji aliandika humu kwamba zama za kitabu cha karatasi zimeisha, kwahiyo halmashauri ziache kununua vitabu, zinunue vishikwambi tu zijaze vitabu humo ndani na maktaba nzima itabebwa kwenye begi moja. Na naona watu wengi wamemuunga mkono. Mimi ni mkutubi, hiyo ndo kazi yangu kila siku, na hii habari ya Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu cha Amazon wanaouza vitabu mtandaoni, na wenzake na walichofanya kwa mauzo ya vitabu na kwa maktaba nimeifuatilia miaka mingi, ripoti yoyote nikiipata nasoma mpaka mwisho. Swali la karatasi au skrini wenzetu wa Marekani na Uingereza walishalibishania likaisha. Lililobaki, na huku kwetu hakuna anayeligusa, ni hili: maktaba ikishalipia kitabu, kitabu kinakuwa cha nani?

Tuanze na hilo la karatasi kufa. Kindle ya kwanza ilitoka Marekani Novemba 2007, bei dola 399, mzigo wote ukaisha ndani ya masaa matano na nusu. Mei 2011 Amazon wakatangaza kwamba sasa wanauza vitabu vya Kindle vingi kuliko vya karatasi, 105 kwa kila 100, na mwaka huohuo Borders, iliyokuwa ya pili kwa ukubwa Marekani kwa maduka ya vitabu, ikafilisika, maduka karibu 400 yaliyokuwa yamebaki yakafungwa na watu zaidi ya elfu kumi wakakosa kazi. Basi kila mtu akasema yametimia, Kindle imeua. Lakini ukiifuatilia Borders kwa karibu unakuta walikuwa na madeni, walikuwa na majengo makubwa mno ya kulipia pango, na kubwa kuliko yote ni kwamba toka 2001 mauzo yao ya mtandaoni waliwaachia Amazon haohao wawafanyie, yaani mshindani wako ndo umempa ufunguo wa duka, sasa hapo Kindle imeingiaje wakati ilikuwa haijazaliwa.

Uingereza nako Waterstones, wenye maduka makubwa ya vitabu, walianza kuuza Kindle madukani mwao 2012, 2015 wakazitoa kwasababu zilikuwa haziendi, ile nafasi wakairudishia vitabu. Marekani 2021 viliuzwa vitabu vya karatasi zaidi ya milioni 825, hesabu kubwa kuliko zote toka BookScan, wanaohesabu mauzo ya vitabu kule, waanze kuhesabu 2004. Na mwaka huohuo taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza watu wazima wa Marekani, asilimia 65 walisema wamesoma kitabu cha karatasi ndani ya miezi 12 iliyopita, waliosoma cha kidijitali ni asilimia 30. Hiyo ni nchi yenye umeme saa zote, intaneti mpaka vijijini na kadi ya benki mfukoni, na karatasi bado inaongoza zaidi ya mara mbili! Kwahiyo mtu akisimama kwenye kikao cha madiwani akasema karatasi imekufa huko duniani, mumuulize dunia ipi.

Sasa tuje maktaba, na hapa ndo pananiuma.

Kitabu cha karatasi maktaba ikikinunua imemaliza. Inakinunua duka lolote, kipya au cha mtumba, inakipiga muhuri, inaazimisha mpaka kichakae, kikichakaa tunakishona na kukibandika gundi, na hakuna mchapishaji anayepiga simu kuuliza kimeazimwa mara ngapi. Cha kidijitali hakiko hivo. Maktaba inalipia ruhusa tu, na masharti ya ruhusa anayaandika mwenye mali. Machi 2011 HarperCollins, mmoja wa wachapishaji wakubwa wa Marekani, walianza sharti kwamba kitabu chao cha kidijitali kikishaazimwa mara 26 kinajifuta, maktaba ilipie upya. Sababu waliyotoa ni kwamba hata cha karatasi huchakaa. Mhariri, mimi hapa mezani kwangu nina riwaya ambayo ile karatasi ya tarehe ya nyuma imejaa mihuri, ikabandikwa nyingine juu yake nayo ikajaa, sasa hivi ni ya tatu, jalada tulishaliweka la boksi toka zamani, ukurasa wa kwanza umekatika kona, na wiki iliyopita kimetoka tena kaenda nacho mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kwa sheria ya 26 hicho kitabu kingekuwa kimeshalipiwa mara nyingi sana na hela yenyewe ni ileile ambayo ingenunua vingine.

Na 26 sio kali kuliko zote. Wachapishaji wengine, Penguin Random House, toka Oktoba 2018 waliacha kuuza ruhusa ya kudumu wakaweka ya miaka miwili, kitabu kimoja cha watu wazima wakati huo kilifika mpaka dola 55, miaka miwili ikiisha unalipa tena hata kama kimesomwa na mtu mmoja tu. 2019 Hachette nao wakaingia kwenye miaka miwili. Novemba 2019 Macmillan wakaja na kali zaidi: kitabu kipya kikitoka, mfumo mzima wa maktaba wa jiji, hata kama lina mamilioni ya watu, unaruhusiwa nakala moja tu ya kidijitali kwa wiki nane za mwanzo. Walisema maktaba zinakula mauzo. Maktaba nyingi zikagoma kununua kwao, na Machi 2020 corona ilipofunga kila kitu wakaliondoa lile sharti. Jimbo la Maryland lilijaribu 2021 kutunga sheria ya kuwalazimisha wachapishaji wazipe maktaba ruhusa kwa masharti ya haki, wachapishaji wakaenda mahakamani na 2022 sheria ikaanguka kwasababu hakimiliki kule ni mambo ya serikali kuu, jimbo halina mamlaka nayo. Naeleza yote haya kwa kirefu kwasababu hizo ni maktaba zenye bajeti, zina mawakili, zina chama chenye nguvu, na bado wamebanwa namna hiyo. Halmashauri ya wilaya ambayo fungu la maktaba mwaka mwingine linatoka mwaka mwingine halitoki, itasimama wapi?

Halafu kuna hili la kufutiwa. Julai 2009 Amazon waliingia kwenye Kindle za watu wakafuta vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo ni hichi ambacho sisi tumekisoma kama Shamba la Wanyama, kwasababu aliyewauzia hakuwa na haki navyo. Watu walikuwa wamelipia, wengine wameandika na maelezo yao ya masomo humo, wakaamka vitabu havipo. Bezos mwenyewe, bosi wa Amazon wakati huo, aliomba radhi. 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu vya kidijitali, wakarudisha hela kwa wateja, lakini vitabu vikafutika vyote. Unarudishiwa hela, sawa, ila kama wewe ni maktaba na mwanafunzi ana mtihani wiki ijayo hela hiyo utampa aisome?

Nisieleweke vibaya, sipingi hivi vifaa, mimi mwenyewe nasomea simu. Mzee ambaye macho yamechoka anakuza maandishi mpaka anaona bila miwani. Asiyeona kabisa anasomewa kwa sauti, na Kenya na Tanzania zote zimejiunga na ule Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaoruhusu vitabu vitengenezwe kwa namna anayoweza kusoma asiyeona bila kuanza kuomba ruhusa kwa kila mchapishaji, ni haki ambayo hatuitumii inavyotakiwa. Shirika la Worldreader, ambalo mmoja wa waanzilishi wake ni David Risher aliyewahi kufanya kazi Amazon, walianza 2010 kupeleka Kindle mashuleni Ghana na baadaye wakaja mpaka maktaba za umma za Kenya, na watoto ambao shule zao zilikuwa na kabati moja la vitabu chakavu walisoma vitabu vingi wasivyowahi kuviota. Ila kwenye majaribio yale ya mwanzo ya Ghana karibu asilimia 40 ya zile Kindle ziliharibika, hasa vioo. Walijifunza wakaziimarisha, sawa, lakini niambieni ni halmashauri gani imeweka fungu la vioo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 vikagawiwa walimu ni hatua nzuri na nawapongeza waliofikiria hivo, sasa waliovipanga waende mashuleni wakaangalie vingapi bado vinawaka, na ndani yake kuna vitabu gani vya Kiswahili vya kusoma ukiacha vya darasani.

Maana huku kwetu kifaa cha kusomea ni simu, Kindle ni wachache wanayo. Na kinachoumiza mauzo ya vitabu vyetu ni PDF za WhatsApp. Riwaya inatoka, haijamaliza mwezi iko kwenye magrupu, na sio faili la mchapishaji, ni mtu kaipiga picha ukurasa kwa ukurasa na simu, kidole gumba kinaonekana pembeni ya kila ukurasa, kurasa nyingine zimekata mstari wa mwisho, na watu wanashukuru "ubarikiwe admini". Nawafahamu waandishi walioacha kabisa kuandika kwasababu hiyo, mmoja aliniambia alikuta kitabu chake kinauzwa kwa softi kopi shilingi elfu moja na mtu asiyemjua, yeye senti hakuiona. Mnaotuma hizo PDF mnaona mnasaidia watu, na najua kitabu ni bei, chakula cha siku mbili nyumbani kinaweza kuishia kwenye riwaya moja, Kenya ndo kabisa toka 2013 kitabu kinatozwa VAT ya asilimia 16. Lakini anayenyongwa hapo ni mwandishi wa Kiswahili, ambaye soko lake ni sisi tu, hana lingine la kukimbilia. Maktaba ndo ilitakiwa iwe jibu la asiyeweza kununua, asome bure na mwandishi awe amelipwa, na haiwezi kuwa jibu kama haina kitabu hicho, si cha karatasi wala cha kwenye simu.

Na kuna jambo lingine la huku kwetu. Nenda Maktaba Kuu pale Dar, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere 1967, au nenda maktaba ya mkoa wowote, uangalie watu wanafanya nini. Wengi hawajafuata kitabu. Wamekuja na madaftari yao na notisi zao, wanatafuta kiti, taa na utulivu, maana nyumbani chumba kimoja kina watu sita na TV inawaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam maktaba mpya ya 2018 ilijengwa ikae watu 2,100 kwa wakati mmoja na wakati wa mitihani bado wanatafutana viti. Hivyo viti mtavitia kwenye begi gani? Ukimpa mtoto kishikwambi ukafunga chumba cha kusomea umemnyang'anya kilichomleta.

Kwahiyo ninachoomba. Halmashauri au shule yoyote kabla haijasaini kununua hizi maktaba za kidijitali, na wauzaji naona wameanza kuzunguka na brosha zao nzuri, imwite mkutubi akae kwenye kile kikao na aulize: hivi vitabu tunalipia miaka mingapi, ikiisha vinabaki au vinafutika, kampuni ikifa faili tunabaki nalo, vinafunguka bila bando, tunaweza kuhamishia maktaba ya wilaya jirani, kuna vya Kiswahili vingapi na waandishi wake wanalipwaje. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo kwa maandishi arudi na brosha zake.

Na wachapishaji wetu, Mkuki na Nyota hapo Dar, eKitabu huko Nairobi ambao toka 2012 wanauza vitabu vya kidijitali, na wengineo, nawaomba msiige masharti ya hao wachapishaji wakubwa wa New York. Tuuzieni faili moja kwa moja, kwa bei ya nakala ya karatasi au hata iliyozidi kidogo, sisi tutamwazimisha msomaji mmoja kwa wakati mmoja kama tunavyofanya na cha karatasi, akirudisha ndo mwingine anapewa, na faili libaki la maktaba siku zote. Mwandishi atalipwa, msomaji hatakuwa na sababu ya kuokoteza picha zenye vidole gumba, na maktaba itajenga akiba ya vitabu badala ya kulipa pango kila baada ya miaka miwili. Bodi ya Huduma za Maktaba ikikaa na wachapishaji mezani ikaandika mkataba mmoja wa namna hiyo wa nchi nzima, halmashauri zote zitautumia huohuo na hakuna atakayebanwa peke yake. Vikao vya bajeti ya mwaka ujao vinakaribia, muda wa kuuandika ni sasa.

Mkutubi,
Morogoro