Mdogo wangu anataka kupunguza matiti kama nilivyofanya mimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani wa Tanga mjini, nina miaka 29 na mimba ya miezi saba, mimba yangu ya kwanza. Ninaye mdogo wangu wa kike wa miaka 19 ambaye anasubiri nimjibu swali moja kabla hajaenda chuo. Kila jioni nikirudi nyumbani ananitazama kama mteja aliyeahidiwa gauni la Idi, na mimi kila siku namwambia kesho.

Swali lake ni hili: "Dada, ingekuwa ndiyo leo, ungekubali tena kupasuliwa?"

Mwaka 2022 nilikwenda Dar es Salaam nikapunguzwa matiti. Wanaojua ni wachache, na wengi wao walijua kwa bahati mbaya.

Kwa mama yetu wanawake wote wamejaaliwa kifua. Marehemu alikuwa akikaa barazani jioni, anaingiza vidole chini ya mikanda ya sidiria na kuiinua ili mabega yapumue. Mabegani alikuwa na mifereji miwili. Nilidhani wanawake wote wanayo, mpaka nilipoanza kazi ya kupima watu nikaona mabega yao ni laini.

Mimi yalianza mapema. Kidato cha pili nilikuwa natembea nimekumbatia madaftari, na njia ya kijiweni niliikwepa hata kama nazunguka. Nilipofika miaka 25 nilijipima kwa futi yangu mwenyewe: kifua inchi 50, chini ya matiti 36. Wewe si fundi labda, ila mwenzangu yeyote atakwambia hapo hakuna gauni. Likikaa kifuani, mabegani linaning'inia kama la kuazima. Kwa hiyo nilivaa madira mwaka mzima, mimi niliyekuwa nawashonea wenzangu magauni ya kubana. Sidiria za dukani hazikunifikia. Nilimtegemea kaka mmoja wa mtumba, akifungua robota ananiwekea kando kubwa kuliko zote.

Hayo ya mavazi ningeyavumilia. Cherehani inataka uiname, na nikishona saa mbili mfululizo shingo inakaza, kichwa kinagonga, vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi nashindwa hata kutunga uzi. Chini ya matiti ngozi ilikuwa inachubuka kila msimu wa joto. Nilipaka poda, nikapaka dawa ya fangasi, nikaweka vitambaa. Inapona wiki mbili inarudi. Kila nilikokwenda kutibiwa nilipewa vidonge vya maumivu na kuambiwa nipunguze mwili. Nikapunguza kilo tisa. Tumbo likaisha, mashavu yakaisha, matiti yakabaki pale pale.

Aliyenisikiliza ni daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, Dar. Hakunipa moyo wala hakunitisha. Kwanza aliniuliza kama nina watoto na kama nataka kuzaa. Akachukua kalamu akanichorea: kovu linazunguka chuchu, linashuka wima, kisha linapita chini ya titi kama mkunjo. "Kama nanga," akasema. Mimi mtu wa pwani, nanga naijua, nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia chuchu hawaing'oi, wanaihamisha juu ikiwa bado imeshikana na nyama yake, ili damu ipite na mirija ya maziwa mingine ibaki. Lakini hakuna wa kuniahidi kitu. Wapo wanaonyonyesha bila shida, wapo wanaopata maziwa nusu, wapo wasiopata kabisa. Chuchu zinaweza kupoteza hisia. Na ngozi yetu nyeusi huwa rahisi kuota makovu ya kuvimba. Nilisaini. Nilikuwa na miaka 26, sina mchumba, na mtoto nilikuwa namfikiria kama mtu anavyofikiria kwenda Hija, kwamba siku moja inshallah.

Nilimuuliza pia shehe wa mtaani kwetu, maana nilihofia kubadilisha maumbile. Aliniuliza kama nataka kupendeza au nataka kupona. Nikamweleza shingo na vidole. Akasema kuondoa madhara si sawa na kujipamba.

Bima ilikataa, wakaandika kwamba ni urembo. Nikatoa pesa ya mchezo niliyokuwa nimepokea, na pesa niliyokuwa nimeweka ya kiwanja huko Pongwe. Mpaka leo kiwanja sina.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nilikuwa kwenye nusu kaputi zaidi ya saa tatu. Walitoa karibu kilo mbili jumla, wakapeleka nyama maabara kuhakikisha haina ugonjwa, ikawa salama. Nilipoamka kila upande una mrija unaotoa damu na maji kwenye chupa.

Sasa hapa ndipo anapoingia mdogo wangu. Mama alikuwa ameshafariki. Aliyekuja Dar kuniuguza ni yeye, mtoto wa miaka 16, likizo ya shule, tukakaa kwa baba mdogo Mbagala. Asubuhi na jioni alimwaga zile chupa, akaandika kwenye daftari la hesabu kiasi kilichotoka, kulia na kushoto. Alinichana nywele maana mikono sikuruhusiwa kuinyanyua. Tuliporudi Tanga alinikunjia kanga akaiweka kati ya kifua na mkanda wa basi, na kila tuta njiani alikuwa ananishika mkono kabla sijalia.

Na mambo hayakunyooka. Upande wa kushoto, pale chini nyuzi zinapokutana, kidonda kilifunguka. Niliambiwa ndipo panapochelewa kupona kwa watu wengi, lakini ukiangalia nyama yako mwenyewe ikiwa wazi maelezo hayo hayaingii. Wiki tano za kusafishwa kidonda. Kovu la kulia likaota kuelekea kwapani, gumu, linawasha usiku. Nikachomwa sindano za kulilainisha, kila mwezi moja, miezi minne. Chuchu ya kushoto haina hisia hata leo. Ya kulia ikipigwa na baridi inachoma kama pilipili.

Halafu watu. Nilirudi dukani nimepungua kifua ghafla, sikueleza, wakajieleza wenyewe. Ikasemwa nimekatwa ziwa kwa saratani. Wateja wakawa hawanipunguzii bei tena, wananilipa kwa huruma! Hilo nilikubali, sitakudanganya.

Lakini pia nikuambie upande wa pili, kwa sababu mdogo wangu aliuona nao. Usiku wa kwanza nilipolala kifudifudi nilikuwa na miaka 27, na sikumbuki kama niliwahi kulala hivyo tangu utoto. Upele umeisha, poda sinunui. Nashona mpaka adhuhuri bila kidonge. Nilijishonea gauni la kitenge lenye kiuno, nikalivaa kwenda sokoni kununua nyanya tu. Mwezi mzima wa kwanza niliendelea kutembea nimeinama, mwili haukuwa na habari kwamba mzigo umetuliwa.

Niliolewa 2024. Mume wangu nilimwambia kabla posa haijapokelewa. Alinyamaza kidogo, akauliza kama bado naumia, basi. Somo yangu, mama aliyenifunda, aliyaona makovu siku ya singo, aliponisugua mwili kabla ya harusi. Mkono wake ulisimama. Nikamweleza, akaendelea kunisugua, na kwa ninavyojua hajatoa neno nje.

Sasa matatizo yangu ni mawili, na yamefungana.

La kwanza ni hii mimba. Matiti yameanza kujaa tena. La kushoto limevimba upande wa kwapani, gumu, lakini chuchu ni kavu. La kulia limeanza kutoa yale majimaji ya manjano. Kliniki muuguzi alinifunua akasema kwa sauti, "Haya matiti yamefanywa nini?" na benchi zima likageuka. Wa pili, mama mtu mzima, alinivuta pembeni akanieleza vizuri: nimweke mtoto kifuani mara tu akizaliwa, nimnyonyeshe mara kwa mara pande zote mbili, tuhesabu nepi zinazolowa na tumpime uzito bila kuruka tarehe, na akiwa hashibi tumwongezee bila kuona aibu. Nimemwelewa. Ila ukutani juu ya kichwa chake kuna bango la miezi sita ya maziwa ya mama pekee, na macho yangu yalikuwa kwenye bango.

Kwa kuwa mama hayupo, atakayekuja kunilea arobaini ni mavyaa, kutoka Pangani. Ni mama mwema, amezaa saba na wote amewanyonyesha miaka miwili miwili, anahesabu kwa vidole. Atanikanda kwa maji ya moto. Ataona. Mume wangu anasema nikae kimya, siku ikifika atamwambia yeye. Wifi yangu mkubwa naye ana ulimi, na neno likifika kwake limefika Pangani yote. Naogopa mtoto akilia kwa njaa, jambo la kwanza litakalosemwa ni kwamba niliuza maziwa yake ili nipendeze.

La pili ni mdogo wangu. Ana kifua cha mama, pengine kunizidi. Alikuwa anacheza netiboli shuleni, akaacha kucheza kidato cha tatu. Mifereji mabegani imeshaanza. Anataka pesa ya urithi wetu, fungu lake la shamba la minazi, aitumie kwa upasuaji kabla ya chuo. Daktari yule yule amemwona, amemwambia anaweza kufanyiwa kwa kuwa mwili umeacha kukua na uzito wake umetulia, lakini akizaa au akinenepa yanaweza kuongezeka tena, na ya maziwa akamwambia kama alivyoniambia mimi. Akampa muda afikirie.

Nimemwambia asubiri azae kwanza. Akanijibu: "Nani ameniposa? Nisubiri miaka kumi na mgongo huu kwa ajili ya mtoto ambaye hata baba yake simjui?" Nikamkumbusha kidonda. Akasema, "Zile chupa nilimwaga mimi, dada. Usinisimulie."

Shangazi, sikuwa na la kujibu. Kila neno analosema nililisema mimi. Kama angeniuliza mwaka jana ningempeleka Dar mwenyewe. Leo, tumbo likiwa hapa mbele, nasema asubiri, na sijui kama huo ni ushauri wa dada mkubwa au ni woga wa mimba unaoongea. Nikimwambia fanya na mwanangu akakosa maziwa, nitamtazamaje? Nikimzuia, halafu maziwa yangu yakatoka kama chemchemi, atakuwa ameshaanza chuo na kidonge cha maumivu mkobani. Nimefikiria kumwomba angoje miezi mitatu tu, nijifungue, aone mwenyewe. Lakini titi langu si lake, na yatakayonipata mimi hayamhakikishii yeye kitu.

Samahani kwa urefu. Naomba unisaidie mambo haya: nimjibu nini huyu mtoto? Na mavyaa, nimwambie mimi mwenyewe kabla hajafika, au nimwachie mwanawe? Anakuja baada ya wiki tano.

Wako,
Fundi wa Tanga