Shemeji, mwulizeni mwenyewe kabla ya dripu ya kwanza

Shemeji,

Dada ameniambia mmekataa. Daktari alipotaja kuhifadhi mbegu za kijana wenu kabla hajaanza kemo, yaani dawa za saratani, ulijibu, "Apone kwanza, hayo ya watoto Mungu anajua," na habari ikaishia hapo. Simu zangu hupokei, basi naandika hapa bila kutaja jina, maana nyumba yenu si ya kwanza kukwama kwenye jambo hili.

Apone kwanza, sawa. Lakini dawa atakazotundikiwa kwa saratani ya mfupa, sisplatini na pengine ifosfamidi, zinaua chembe zinazogawanyika haraka, na zile zinazotengeneza mbegu za kiume ni miongoni mwake. Wapo wanaorudiwa na mbegu baada ya miaka, wapo wasiorudiwa kabisa, na hakuna wa kukuapia leo mwanao ataangukia wapi. Katikati ya matibabu ni kuchelewa, kwa sababu mbegu zilizokwisha kuguswa na dawa zinaweza kuwa na kasoro.

Nasikia pia mashangazi wameanza kunong'ona kwamba atakuwa hanithi. Wanachanganya mambo. Homoni za kiume kwa kawaida hazidhuriki kiasi hicho: sauti itazidi kuwa nzito, ndevu zitaota, ndoa ataimudu. Kinachoweza kukosekana ni mbegu.

Kule Uingereza kulikuwa na kijana wa miaka 17 mwenye saratani ya korodani. Mbegu zake ziligandishwa mwaka 1979, akatibiwa, akapona, akabaki tasa. Baada ya miaka 21 zikayeyushwa, mkewe akapandikizwa mimba, wakapata mtoto wa kiume. Madaktari wa Manchester walikiandika kisa hicho mwaka 2004. Ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, mbegu hazizeeki. Na tangu mwaka 1992 wataalamu wameweza kupata mtoto kwa kuingiza mbegu moja tu ndani ya yai, kwa hiyo hata sampuli hafifu ya mgonjwa ni mali.

Sasa tuje kwenye aibu, maana nadhani ndiyo iliyowafunga midomo. Kijana ana miaka 15, ameshabalehe, na vindevu vyake vitatu anavinyoa kwa wembe wako akidhani huoni. Kinachotakiwa ni manii kwenye kikopo cha maabara. Usimtume mama yake amweleze, wala mama asisimame nje ya mlango akisubiri; mambo haya kwetu ni ya mjomba. Anaweza kufanyia nyumbani, ila kikopo kifike maabara ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili, na foleni za Dar unazijua. Akishindwa, au kama punyeto ndiyo inayokukwaza kidini, daktari anaweza kuzitoa mbegu kwenye korodani kijana akiwa kwenye nusukaputi. Mwulize sheikh unayemwamini. Wanazuoni wengi wanaukubali upandikizaji wa mimba ukiwa baina ya mume na mkewe walio kwenye ndoa.

Pesa sitakudanganya: kugandisha kuna gharama yake, na kila mwaka kuna ada ya kutunza. Ya mwaka wa kwanza niachie mimi.

Kinachonikera ni kwamba yeye hakuulizwa. Mlikaa watu wazima watatu mbele yake mkaamua, kijana kainamia simu kama vile anazungumziwa mtoto wa jirani. Alikuwa anasikia, shemeji. Ana haki ya kukataa, na akielezwa vizuri akakataa, nami nitanyamaza.

Dada anasema ile fomu ndiyo iliyokukatisha tamaa, pale panapouliza mbegu zifanyweje mwenyewe akifariki. Ukaona wanamtakia uchuro. Swali hilo wanaulizwa wote wanaohifadhi, hata wazima wa afya. Andikeni ziharibiwe, mgeuze ukurasa.

Kemo inaanza Jumatano. Jumapili baada ya alasiri nipe kijana nitembee naye, sisi wawili tu. Kituo nimeshawapigia, Jumatatu wanapokea kuanzia saa mbili asubuhi, na gari lina mafuta. Kama jibu lake ni ndiyo, nahitaji sahihi yako tu.

Mjomba wake