Mchango usio na pilau

London, 9 Februari 2025

Mpendwa Rehema,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima pamoja na mama na watoto. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, nalo ndilo lililonikumbusha kuwa sijakuandikia tangu Idi.

Nimejitia katika jambo. Tarehe 27 Aprili nitakimbia marathoni ya hapa London, kilomita 42, mimi yuleyule niliyekuwa nikijificha chooni siku za michezo shuleni. Kwenye kura sikupata nafasi, wala si ajabu, kwani walioomba walizidi 840,000. Nafasi niliyonayo nimepewa na shirika dogo linalohudumia wagonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mashirika hununua nafasi kwa waandaaji, kisha humpa anayeahidi kukusanya kiasi fulani. Niliahidi pauni 2,000. Hadi leo zimepatikana 615, na 100 kati ya hizo ni zangu mwenyewe, nilizozitoa bila jina ili ukurasa wa michango usionekane mtupu. Usimwambie mtu.

Nilidhani kazi itakuwa kukimbia, kumbe kazi ni kuomba. Waingereza wa ofisini hawakuuliza neno, huyu kumi, yule ishirini, kwa sababu kwao mtu akikimbia, akiogelea, hata akinyoa kipara, huchangiwa. Watu wetu ndio walionipa mtihani. Shomari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kwa nini asipeleke hela hospitali mwenyewe, nami nikapumzika nyumbani. Mama Zuhura, ambaye hajawahi kukwepa mchango wa harusi wala wa msiba, alitaka kujua kadi iko wapi na shughuli ni ukumbi gani. Ningemjibu nini? Kadi haipo, pilau haipo, na mwenye shughuli atapita mbio amevaa suruali ya kubana.

Hayo nayacheka. Lililoniuma ni maneno ya pembeni kwamba natafuta nauli ya kuja Tanga, ilhali fedha hizo hazipiti mkononi mwangu hata kidogo: mtu hulipa kwa kadi yake ya benki, zikaingia kwa shirika, na akiwa mlipakodi wa huku akatia alama kwenye kisanduku kimoja, serikali huongeza peni 25 kwa kila pauni. Ninyi wa huko hamtapata nyongeza hiyo, lakini hata elfu tano ya mtu itaonekana pale na jina lake.

Ndipo ninapokuja kwako. Wewe ukisema jambo kwenye kundi la wenzetu wa shule, watu hukaa kimya wakasoma; mimi nikisema, hutuma vikatuni. Naomba uwaeleze kwa niaba yangu. Ningependa utaje mtoto wa Saida, maana tangu nilipomwona usiku ule amekumbatia chupa ya maji ya moto, hataki hata shuka imguse mguu, sijaweza… basi, ulikuwepo.

Je, Saida ataona vibaya tukimtaja mwanawe? Nimwombe mwenyewe, au utaanza wewe? Shomari bado ndiye mtunza hazina wa kundi? Na mfungo, shoga yangu: Ramadhani inaangukia Machi, mwezi wa mazoezi marefu kuliko yote. Yule shangazi yako aliyekuwa akilima shamba zima akiwa na saumu, alikuwa akila nini daku?

Wako akupendaye,
Mwanaidi